Pumzisha macho na mgongo bila kuonekana umetoroka kazini: mwongozo kamili kwa watumiaji wa Teams, Slack na WhatsApp

Wanaofanya kazi kwa laptopu kutoka nyumbani hukwama mahali palepale. Mtu anaamua kuinuka kila nusu saa, anajitahidi siku mbili tatu, kisha msimamizi anamwandikia: "Uko wapi? Naona umekuwa njano." Kuanzia hapo hainuki tena mpaka shingo ikaze na vidole vianze kufa ganzi. Mwingine anatafuta njia ya mkato na kununua kifaa cha kuchezesha mausi ili kompyuta idhani yupo.

Wote wawili wamedhani kwamba bosi anataka nukta ya kijani, ile alama kando ya jina lako kwenye programu za mawasiliano ya kazini kama Teams na Slack: kijani maana yake upo, na kwenye Teams njano maana yake umeondoka. Anachotaka ni kujua utamjibu lini. Akishalijua hilo kabla hujainuka, hatajali sana nukta ni ya rangi gani.

Majina ya vitufe yameachwa kwa Kiingereza, kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili usipate shida kuvitafuta.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Simu yenye programu ileile ya kazi iliyo kwenye laptopu, ikiwa na akaunti ileile.
- Bando kwenye simu, hata kama nyumbani kuna Wi-Fi. Umeme ukikatika, ruta inazimika na laptopu inapotea hewani.
- Programu ya kukumbusha mapumziko. Stretchly na Workrave ni za bure. Alamu ya simu nayo inatosha.
- Kitu cha kuinulia laptopu, pamoja na kibodi na mausi vya pembeni. Vitabu vinene au boksi la karatasi vinafaa.
- Hedifoni zisizo na waya, kama kazi yako ina simu nyingi za sauti.

Kibodi ya pembeni si anasa. Skrini ya laptopu ikiwa chini, shingo inainama. Ukiiinua bila kibodi ya pembeni, mabega nayo yanapanda. Weka ukingo wa juu wa skrini usawa wa macho au chini yake kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa. Viwiko vikunjwe karibu nyuzi 90 na nyayo zikanyage sakafu yote. Miguu isipofika, weka kigoda au boksi chini yake. Mapumziko hayawezi kurekebisha kiti kibaya, kwa hiyo anza na meza.

## Hatua ya 1: Jua nukta yako inageuka lini

Kila programu ina hesabu yake:

- Teams kwenye kompyuta: hugeuka njano baada ya dakika 5 bila kuguswa kwa kibodi wala mausi. Ukifunga skrini, au laptopu ikilala, hugeuka bila kusubiri dakika hizo.
- Slack kwenye kompyuta: husubiri dakika 10.
- Zote mbili kwenye simu: unaonekana upo pale tu programu inapokuwa wazi mbele yako. Ukitoka kuangalia kitu kingine, simu haikuhesabu tena.

Kuna watu wanaosoma mkataba uliochapishwa kwa dakika 20 kando ya laptopu, kisha wanashangaa kuulizwa walikokwenda. Programu haijui kama unasoma. Inajua mibonyezo tu.

Utajua umefanikiwa: unaweza kutaja, bila kuangalia, dakika ngapi unazo kabla ya nukta kugeuka.

## Hatua ya 2: Panga mapumziko yatoshe ndani ya dakika hizo

Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, inawashauri watu wa skrini wapumzike kidogokidogo na mara nyingi. Kwao dakika 5 hadi 10 kila saa ni bora kuliko dakika 20 kila baada ya saa 2. Ushauri huo unakufaa sana wewe mwenye kuhofia njano, kwa sababu mapumziko mafupi yanaisha kabla nukta haijageuka.

Tumia ratiba hii:

1. Kila dakika 20: tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Hakuna haja ya kuinuka. Pepesa macho kwa makusudi, maana mtu anayekodolea skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida, na hapo ndipo macho yanapokauka.
2. Kila dakika 30: inuka kwa dakika 3. Kwa saa moja hizo ni dakika 6, ndani ya kiwango cha HSE. Teams inasubiri 5, kwa hiyo hubadiliki rangi, mradi skrini haijafungwa.
3. Mara moja asubuhi na mara moja alasiri: dakika 10 kamili za kutembea. Hapa utageuka njano, hasa kwenye Teams. Usipigane na jambo hilo; hatua ya 4 italimaliza.

Chakula cha mchana hakimo kwenye hesabu hii. Tanzania, kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinampa mwajiriwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko ya angalau dakika 60. Usiyakate vipande ukayaita mapumziko ya mgongo.

Onyo: Stretchly ikija huwa imepangwa kukusimamisha sekunde 20 kila dakika 10, na dakika 5 kila nusu saa. Kwa wengi hiyo ni kero, na kabla ya wiki kuisha wanaifuta. Badilisha namba zilingane na ratiba hapo juu kabla ya kuanza kuitumia.

## Hatua ya 3: Mwambie msimamizi kabla hajauliza

Maelezo yanayotolewa baada ya swali husikika kama utetezi. Yakitangulia, yanakuwa taarifa tu. Andika ujumbe mmoja, mfupi, wenye namba:

> Habari za asubuhi, mkuu. Kuanzia wiki hii nitakuwa nainuka dakika 3 kila nusu saa kwa ajili ya mgongo, na dakika 10 mara mbili kwa siku, karibu 10:30 na 15:30. Ujumbe wa kawaida nitaujibu ndani ya dakika 15. Kukiwa na dharura nipigie, simu ninayo mkononi. Kama kuna muda usiofaa, naomba unielekeze.

Sentensi yenye kazi kubwa humo ni ile ya dakika 15, kwa sababu ndiyo ahadi inayopimika. Usiahidi dakika 2, maana hutaweza na utajikuta umekaa tena. Usiombe ruhusa ya kila mapumziko pia. Ukizoesha hivyo, siku usipoomba utaonekana umetoroka.

Utajua umefanikiwa: msimamizi amejibu, hata kwa "Sawa" tu. Akinyamaza siku nzima, mkumbushe kwa upole kwenye kikao kinachofuata.

## Hatua ya 4: Andika ujumbe wa hali wenye saa ya kurudi

Huu ndio moyo wa mwongozo wote, na ndipo wengi wanapofanya haraka. "Nipo kidogo nje" haimsaidii mtu. "Narudi 10:40" inamtosha.

Kwenye Teams:

1. Bonyeza picha yako juu kulia, kisha "Set status message".
2. Andika: *Nazungusha damu miguuni, narudi 10:40. Dharura: nipigie.* Utani unaruhusiwa kama ofisi yenu inaupokea; kama haiupokei, andika *Mapumziko mafupi hadi 10:40*. Nafasi ni herufi 280, nawe huhitaji hata robo yake.
3. Weka alama kwenye "Show when people message me". Anayetaka kukuandikia atauona ujumbe kabla hajatuma. Usipoiweka, wengi hawatauona kabisa.
4. Chagua muda wa kujifuta. Ujumbe wa saa 4 asubuhi unaosomeka hadi jioni unakuaibisha kuliko kutokuwa na ujumbe.

Kwenye Slack: bonyeza Ctrl+Shift+Y, au Cmd+Shift+Y kwenye Mac. Chagua kikatuni cha mtu anayetembea, andika saa ya kurudi, kisha weka muda wa kujifuta. Kikatuni hicho hukaa kando ya jina lako kila mahali, kwa hiyo hata asiyefungua wasifu wako anaelewa.

Saa iandikwe vipi? Hapa watu wetu huumia. Ukiandika "narudi saa 4:40", mwenzako wa Arusha ataelewa ni asubuhi, lakini mteja wa London au mhasibu wa kigeni aliye Nairobi atakusubiri hadi jioni. Andika kwa mtindo wa saa 24, yaani 10:40. Kama timu imetawanyika, ongeza EAT, yaani saa za Afrika Mashariki. Walio Muscat wako saa moja mbele yetu, na walio Uingereza wako nyuma saa 2 au 3 kutegemea majira.

Maonyo mawili. Usitumie "Do not disturb" kwa mapumziko. Inazuia arifa, na hapo ahadi ya "dharura nipigie" inakuwa hewa. Pia jihadhari na kujiweka "Away" au "Be right back" kwa mkono. Hali uliyoiweka mwenyewe haiondoki kwa sababu tu umerudi kwenye kibodi, na mtu anaweza kuchapa kazi saa 3 huku akionekana hayupo. Ukilazimika kuitumia kwenye Teams, ipe ukomo kupitia "Duration".

Ukiingiza mapumziko ya dakika 10 kwenye kalenda ya Outlook, sehemu ya "Show as" chagua "Free". Ukiacha "Busy", Teams itakupaka nyekundu na wenzako watasita kukutafuta.

Utajua umefanikiwa: muombe mwenzako afungue mazungumzo na wewe, akutumie picha ya anachokiona. Lazima saa ya kurudi isomeke bila yeye kubonyeza kitu.

## Hatua ya 5: Hakikisha simu inalia kweli

Hatua zote zilizotangulia zinaanguka kama ujumbe wa dharura utakukuta umerudi kitini. Kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza: programu inadhani bado uko mezani. Teams ya simu ina mpangilio wa kunyamazisha arifa wakati kompyuta inatumika. Umeinuka sasa hivi, kompyuta bado inahesabiwa hai, na simu iko kimya mfukoni. Fungua Teams ya simu, nenda "Settings", kisha "Notifications", uzime kizuizi cha "When active on desktop". Slack ina chaguo la kupeleka arifa kwenye simu mara unapoacha kutumia kompyuta au hata ukiwa unaitumia. Chagua la pili. Simu na laptopu vitalia pamoja ukiwa mezani, ndiyo, lakini kelele hiyo inavumilika.

Mtego wa pili: simu inaua programu ili kuokoa betri. Tecno, Infinix, Xiaomi na nyingine nyingi za Android hufanya hivyo kimyakimya. Nenda "Settings", "Apps", chagua Teams au Slack, ingia "Battery", weka "Unrestricted". Kwenye Xiaomi washa pia "Autostart". Kwenye Tecno na Infinix angalia programu ya Phone Master inayokuja na simu. Nayo huamua nani ajiwashe na nani azimwe. Menyu hutofautiana kidogo kati ya matoleo, hivyo usipoiona, andika neno "battery" kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya mipangilio.

Mtego wa tatu: milio inafanana. Kama kikundi cha harusi, cha kanisa au msikiti na cha kazi vyote vinalia mlio mmoja, baada ya siku chache utaanza kupuuza vyote. Ipe programu ya kazi mlio wake peke yake.

Jaribio la kuthibitisha: acha laptopu bila kufunga skrini, tembea hadi chumba kingine, mwombe mtu akutumie ujumbe. Simu ilie ndani ya dakika moja. Rudia ukiwa umefunga skrini. Rudia tena ukiwa umezima Wi-Fi na kutumia bando. Majaribio yote matatu yakipita, unaweza kuondoka mezani bila wasiwasi. Likishindwa moja, rudi kwenye mitego kwa mpangilio uleule.

## Hatua ya 6: Inuka, na uzitumie dakika 3 vizuri

Kuhusu kufunga skrini: ukiwa peke yako nyumbani, kwa dakika 3 si lazima. Ukiwa ofisini, mkahawani au kwenye nyumba yenye wageni, bonyeza Windows+L kila mara, hata kama Teams itageuka njano. Taarifa za mteja zikisomwa na mpita njia, hakuna nukta ya kijani itakayokutetea.

Mpangilio wa dakika 3:

1. Sekunde 20: simama, tazama mbali kupitia dirishani.
2. Sekunde 30: rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, shikilia sekunde 3, achia. Mara 8 hivi. Zoezi hili linairudisha shingo iliyosukumwa mbele na skrini.
3. Sekunde 40: nyoosha mkono mbele, kiganja kikiangalia chini, kisha kwa mkono mwingine vuta vidole taratibu juu kuelekea kwako, yaani kiganja kitazame ukuta wa mbele. Sekunde 20 kila mkono.
4. Sekunde 40: piga hatua ndefu mbele, goti la nyuma likishuka kidogo, mpaka usikie mvuto mbele ya nyonga. Sekunde 20 kila upande. Misuli ya nyonga ndiyo inayofupika kwa kukaa, na ikifupika inauvuta mgongo wa chini.
5. Sekunde 30: inuka kwa vidole vya miguu mara 15.
6. Muda uliobaki nenda kachukue maji. Glasi ndogo ni bora kuliko jagi mezani, kwa sababu inakulazimisha kuinuka tena.

Kosa kubwa kuliko yote: kuinuka na kuanza kuperuzi simu. Umehama kutoka skrini kubwa kwenda ndogo, shingo imeinama zaidi, macho hayajapumzika hata sekunde. Simu ikae mfukoni, kazi yake ni kulia tu.

Vikao vya sauti pekee vigeuze kuwa mapumziko: vaa hedifoni, simama, tembea chumbani. Hedifoni nyingi za Bluetooth zinafika mita 10 hivi, pungufu kukiwa na kuta. Muda huo programu yenyewe inakuonyesha uko kwenye simu, na hakuna anayekuuliza.

Onyo la afya: mvuto ni sawa, maumivu makali si sawa. Ganzi ya vidole inayokuamsha usiku, au maumivu yanayoteremka kutoka kiunoni hadi mguuni, hayangoji mazoezi ya dakika 3. Nenda hospitali.

## Hatua ya 7: Rudi kwa kuonekana

Gusa mausi, hakikisha nukta ni ya kijani, futa ujumbe wa hali kama haujajifuta. Kisha jibu kwanza ujumbe mmoja uliokusubiri, hata kwa "Nimeuona, nakujibu kufikia 11:00". Jibu hilo la haraka ndilo linalojenga sifa ya kwamba unapatikana.

## Kama kazi yenu iko WhatsApp

Ofisi nyingi ndogo za kwetu hazina Teams wala Slack. Kazi yote iko kwenye kikundi. WhatsApp haina nukta ya kugeuka. Huandika "online" wakati umeifungua tu, kwa hiyo mtu hawezi kukulaumu kwa dakika 10. Tatizo la huko ni tiki mbili za buluu: umesoma, hujajibu. Ukiwa umeinuka, usifungue ujumbe usioweza kuujibu hapohapo. Usome kwenye arifa, amua kama ni dharura, uache.

Wanaohudumia wateja watumie WhatsApp Business, ambayo ina "Away message" unayoweza kuipangia saa. Inahitaji simu iwe na intaneti. Bando likiisha, mteja hapokei chochote.

## Kama unalipwa kwa saa

Programu ya Upwork, soko la mtandaoni la kazi za kujitegemea, hupiga picha ya skrini mara 6 kwa saa, moja kwa wakati usiotabirika ndani ya kila kipande cha dakika 10, na huhesabu mibonyezo yako. Mapumziko ya dakika 3 yanaacha dakika 7 za kazi ndani ya kipande, hayana shida. Ya dakika 10, simamisha saa ya programu hiyo. Kumtoza mteja kwa picha ya skrini iliyolala ni kujitafutia mgogoro wa malipo.

## Vifaa vya kuchezesha mausi

Usinunue. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliachisha kazi zaidi ya watu 10 kwa tuhuma za kuigiza utumiaji wa kibodi. Idara ya teknolojia inaweza kuona programu uliyoweka na kifaa ulichochomeka. Hata usipokamatwa, umejitia kwenye hali mbaya zaidi: kijani kinamwambia bosi upo, naye anaandika, na hakuna anayejibu. Mwenye njano na "narudi 10:40" anaaminika kuliko mwenye kijani asiyejibu.

## Mambo yanayoharibika mara kwa mara

Nukta ya Teams ni ya kijivu, si njano. Hapo umetoka hewani kabisa. Ama laptopu imelala hadi ikakatika mtandaoni, ama intaneti imekatika. Kwenye Windows nenda "Settings", "System", kisha sehemu ya umeme na betri, uongeze muda wa kulala uwe zaidi ya dakika 15. Ukishindwa kubadilisha, kompyuta inasimamiwa na kampuni, waombe wao.

Umerudi lakini bado njano. Karibu kila mara ni hali uliyoiweka kwa mkono ukaisahau. Kwenye Teams chagua "Reset status". Kwenye Slack jirudishe "Active".

Kikumbusho kinatokea katikati ya kikao. Kiahirishe dakika 10, usikizime. Kikizimwa siku ya vikao vingi, hakiwashwi tena kesho yake.

Msimamizi bado anauliza kila ukigeuka njano. Mpe wiki moja ya kuona unajibu ndani ya muda ulioahidi, kisha muulize ni ujumbe gani hasa uliochelewa. Akiutaja mmoja, rekebisha saa ya mapumziko ya dakika 10 isigongane na wakati huo. Asipoutaja, mkumbushe ujumbe wa hatua ya 3 na uendelee na ratiba yako.